Mzinga wa Keja: Makali Gani Ununue na Uchanganye na Nini Ukiwa Nax

Ijumaa jioni Nakuru, baridi imeshuka kutoka upande wa Menengai na mbogi imekubaliana leo hakuna kutoka. Club ni teksi kwenda, teksi kurudi, na katikati unauziwa chupa kwa bei mara mbili. Kwa hivyo kila mtu anatuma soo tano, mmoja anatumwa wines, wengine wanabaki keja wakipanga muziki. Shida ni kwamba huyo anayetumwa hupewa maagizo ya maneno matatu tu: "leta kitu kali." Anarudi na chupa hajaisoma, soda mbili za lita na crisps. Kesho yake watu wanalaumu umri.

Huu mwongozo ni wa huyo msee anayetumwa. (Kama hujafikisha 18, sheria imekufungia hiyo duka, basi rudi ukishafika.)

Kwanza, chupa iwe ya ukweli

Niliwahi kununua nusu ya vodka kwa duka moja hapa town, sitaitaja. Bei ilikuwa chini kidogo ya kawaida, nikajiona mjanja. Kufika nyumbani kifuniko kikazunguka bila kukatika, ile pete ya chini ikazunguka nacho. Stika ya KRA ilikuwa imebandikwa kama plasta kwa kidonda, kona moja juu. Nikascan, simu ikakataa kutambua chochote. Nilimwaga yote kwa sinki, na bado beshte yangu hunikumbusha hiyo doh. Mimi sijutii.

Sijutii kwa sababu historia ya Kenya kwa hii story ni mbaya. Novemba 2000, pombe ya kumi kumi, ile ya shilingi kumi glasi, iliua zaidi ya watu 100 Nairobi. Mei 2014 makumi wengine walikufa kwa siku chache kwa kaunti kadhaa. Februari 2024 ikawa Kirinyaga, zaidi ya watu 10. Katikati ya hayo yote tukapata sheria ya pombe ya 2010, ile kila mtu anaiita Mututho kwa jina la aliyekuwa mbunge wa Naivasha hapa chini tu. Watu wanaikumbuka kwa saa za baa, lakini hiyo sheria pia ndiyo ilipiga marufuku pombe ya sacheti.

Kinachoua mara nyingi ni methanoli. Ni ndugu ya pombe ya kawaida, haina rangi, na ulimi wako hauwezi kuitofautisha. Mwili unaigeuza kuwa asidi ya fomiki, na hiyo asidi hushambulia mshipa wa macho. Mtego wake ni kwamba inachelewa. Unalewa kawaida, unalala, halafu saa 12 hadi 24 baadaye ndipo unaanza kutapika, tumbo linauma, kichwa kinapasuka, macho yanaona ukungu au weupeweupe. Wengi hudhani ni hangover na wanarudi kulala. Ukiona mtu macho yameanza kupotea au anapumua kwa kasi baada ya kunywa, usimpe maziwa wala supu ya kutoa lock. Mpeleke hospitali saa hiyo hiyo, Level 5, ile wazee bado wanaita PGH, na ubebe chupa. Kuna dawa ya kuzuia methanoli isigeuke sumu, na kuna kuosha damu kwa mashine, lakini zote zinashindana na saa.

Na hiyo ya kuwasha kiberiti uone kama moto ni wa bluu, wachana nayo. Pombe halali pia huwaka bluu. Njia yenye maana ni ya kuboesha: nunua kwa duka yenye leseni imetundikwa ukutani, angalia pete ya kifuniko ikatike mbele yako, stika ya KRA iwe juu ya kifuniko na haijachanwa, kisha uiscan na app ya Soma Label ukiwa bado kwa kaunta. Jina kwa simu na jina kwa chupa lazima yafanane. Mwenye duka akinuna, umepata jibu lako. Na chupa zenu mkimaliza, zivunjeni stika na kifuniko kabla ya kutupa, kwa sababu kuna watu wanazikusanya kwenda kuzijaza tena.

Hesabu ambayo hakuna mtu hupiga

Mzinga ni mililita 750. Ikiwa ni asilimia 40, ndani kuna mililita 300 za pombe kavu. Tusker ya nusu lita ni asilimia 4.2, yaani mililita 21. Gawanya: mzinga mmoja ni kama Tusker 14. Mkiwa wawili, kila mtu amekunywa saba kabla ya saa nne usiku, na hakuna aliyehisi kwa sababu iliteremka na Coke. Hata ile robo ya mililita 250 unaweka kwa mfuko wa jaketi inakaribia Tusker tano.

Tot ya baa ni mililita 30. Nyumbani hamna kipimo, lakini kijiko kikubwa cha mezani ni kama mililita 15, kwa hivyo viwili ni tot. Kumimina kwa macho, hasa baada ya glasi ya tatu, ni kujidanganya.

Makali yenyewe

Vodka ni ya mtu hajui wageni wake wanapenda nini, kwa sababu haina ladha ya kubishana na chochote. Hapa Chrome, Kibao na Smirnoff ndizo utapata kila kona. Kwa vodka, kulipa zaidi kunakusaidia tu ukiinywa tupu; ukishaifunika na juisi tofauti ni ndogo sana. Ongeza doh kwa juisi badala yake.

Kenya Cane inatoka kwa miwa na ina utamu fulani kwa mbali, kwa hivyo inapatana na nanasi na ndimu kuliko na Coke. Najua nusu ya Nakuru haitakubaliana na mimi hapo. Konyagi ya Tanzania iko asilimia 35, chini kidogo, na na bitter lemon iko sawa kabisa.

Gin ni story tofauti. Ile harufu ya msitu inatoka kwa tunda dogo la mti wa jamii ya mtarakwa. Ndio, huo huo mtarakwa wa Mau na Aberdare ambao babu alikatia posti za fensi. Kuna gin ya Nairobi inaitwa Procera inayotumia matunda ya mtarakwa wetu, na hata jina lake limetoka kwa jina la kisayansi la mti huo. Bei yake si ya kuchanga soo tano, lakini ukialikwa harusi na uione, onja. Za kawaida kama Gilbey's zinatosha kwa keja.

Whisky na brandy, ushauri wangu ni mfupi: maji, au Stoney. Tangawizi na whisky zinaelewana, na kwa baridi ya Njoro au Molo zinaelewana zaidi.

Chaser ndio glasi yenyewe

Ukichanganya tot moja kwa soda tatu, robo tatu ya unachokunywa ni chaser. Sasa mbona mnunue vodka ya thao moja na juisi ya unga ya shilingi ishirini? Nenda Wakulima market mchana, chukua passion, ndimu na nanasi. Passion kumi, kamua, chuja mbegu, sukari kidogo, maji baridi. Hiyo na vodka na soda water inashinda chochote kwa rafu ya supermarket.

Tonic inawekwa kwinini, ndio maana ni chungu, na huo uchungu ndio gin inataka. Usiiweke kwa brandy, tafadhali. Coke ya mililita 300 ina sukari karibu vijiko saba au nane vya chai, na ukinywa tano usiku mmoja, sehemu ya ile lock ya asubuhi ni sukari na kukosa maji. Energy drink mimi siiweki kwa makali kabisa. Kafeini inakuondolea usingizi lakini haikuondolei ulevi, kwa hivyo unajiona fiti na alcoblow ya kule Salgaa inakuona vingine.

Barafu: maji ya visima mengi ya Nakuru yana floridi nyingi, angalia tu meno ya watu waliokulia hapa. Kuchemsha hakuitoi, kunaizidisha kwa sababu maji yanapungua na floridi inabaki. Gandisha maji ya kunywa ya duka, trei kubwa, tangu asubuhi.

Moja ya kujaribu wikendi hii

Dawa. Ilipata jina Carnivore, Nairobi, lakini viungo vyake bora viko upande wetu, kwa sababu asali ya Baringo inauzwa kando ya barabara ukipanda Marigat. Kata ndimu moja vipande vinne, ponda kwa glasi na kijiko cha sukari ya brown. Mimina tot moja na nusu ya vodka, jaza barafu. Zungusha kijiti kwenye asali hadi kishike vizuri, kitumbukize, koroga pole pole uonje ukiendelea. Kama ni Julai na uko Molo, sahau barafu: chemsha maji na tangawizi iliyopondwa, acha yapoe kidogo, mimina juu ya ndimu na asali, halafu makali yaingie mwisho, kwa sababu ukiyachemsha pombe yenyewe inapaa na mvuke na mbogi itakuuliza imeenda wapi.