Coimbra, Kilima cha Wafalme na Wanafunzi

Treni ya asubuhi kutoka Lisbon hukufikisha Coimbra mapema, nawe unabaki na siku nzima ya kuuzunguka mji. Si mji mkubwa. Kinachochosha ni mlima. Unapita chini ya lango la Almedina, masalio ya kuta za zama za kati katika mji ambao Waislamu waliutawala hadi 1064. Kisha ni ngazi na vichochoro vya mawe, na kanisa kuu la karne ya 12 lenye kuta nene kama za ngome, mpaka kileleni, mbele ya kasri la wafalme lililogeuzwa chuo kikuu.

Mfalme Dinis alikianzisha chuo hicho mwaka 1290, lakini huko Lisbon. Kwa zaidi ya karne mbili kilihamahama baina ya miji hiyo miwili, hadi João III alipokiweka Coimbra moja kwa moja mwaka 1537.

Wengi huja kwa ajili ya maktaba ya Joanina, na wana haki. Mfalme João V aliijenga kati ya 1717 na 1728: kumbi tatu zilizofuatana, rafu zilizonakshiwa kwa dhahabu, kuta zenye unene wa zaidi ya mita mbili ili joto na unyevu visiviharibu vitabu. Popo wanaishi humo, na usiku huwala wadudu watafunao karatasi. Kwa hiyo jioni wahudumu huzifunika meza kwa ngozi, na asubuhi husafisha vinyesi. Chini ya kumbi hizo kuna gereza la wanafunzi, maana chuo kiliwahi kuwa na sheria na mahakimu wake.

Dhahabu iliyomtajirisha João V ilitoka Brazil, ikichimbwa na Waafrika waliouzwa utumwani. Na mtu wa pwani yetu ana jambo jingine la kukumbuka mbele ya picha yake ukumbini. Mwaka ule ule wa 1728, maktaba ilipokamilika, merikebu za Ureno zilirudi Mombasa na kuitwaa tena Fort Jesus, iliyokuwa imetekwa na Waomani mwaka 1698. Kufikia mwisho wa 1729 Wareno walikuwa wameshafukuzwa.

Ukitoka maktabani, usiyapite haraka majengo makubwa ya mawe yaliyo jirani, ingawa hayavutii macho. António Salazar alisoma na kufundisha Coimbra kabla ya kuitawala Ureno kwa mkono wa chuma, na katika miaka ya 1940 serikali yake ilibomoa sehemu kubwa ya mtaa wa juu na kuwahamisha wakazi ili kuyajenga. Katika miaka hiyo hiyo alifika Agostinho Neto kusomea udaktari, yeye aliyekuja kuwa rais wa kwanza wa Angola.

Tarehe 17 Aprili 1969, Rais wa Ureno, Américo Tomás, alikuja kuzindua jengo la Hisabati. Kiongozi wa wanafunzi, Alberto Martins, akasimama kuomba nafasi ya kusema. Alinyimwa, na usiku huo akakamatwa. Wanafunzi wakasusia mitihani, na baadhi ya viongozi wao wakaingizwa jeshini kwa lazima. Wakati huo Ureno ilikuwa vitani Angola, Guinea-Bissau na Msumbiji, na FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, ilikuwa na makao yake Dar es Salaam. Jengo hilo la Hisabati liko hatua chache tu kutoka kwenye kasri. Lifikie kabla hujashuka kituoni.