Msikilizaji kama Mhariri: Wapenzi wa Jazi na Historia ya Matini Iliyorekodiwa

Utangulizi

Katika nadharia ya fasihi simulizi, hadhira hutajwa kwa heshima lakini huchunguzwa kwa nadra. Husemwa kwamba fanani hawezi kutenda bila hadhira, na kwamba hadhira huitikia, hukosoa na hata kushiriki katika utendaji. Kisha uchunguzi hurejea kwa fanani na utungo wake. Swali linalosalia ni hili: hadhira hufanya nini baada ya utendaji kumalizika, hasa pale ambapo sauti ya fanani imenaswa na chombo, ikazidishwa na kuuzwa?

Muziki wa jazi unatoa fursa nzuri ya kulijibu swali hilo. Jazi inayozungumziwa hapa ni ile iliyochipuka miongoni mwa Waamerika Weusi wa New Orleans mwanzoni mwa karne ya 20, wala si muziki wa dansi wa Afrika Mashariki ambao bendi zake, kama vile Western Jazz na Shirati Jazz, ziliazima jina hilo. Kiini chake ni utungaji wa papo hapo: wimbo mmoja ukipigwa siku mbili mfululizo, huwa tungo mbili. Hata hivyo, sehemu kubwa ya historia yake imeandikwa kutokana na sahani za santuri. Makala haya yanadai kwamba pengo lililoko kati ya sanaa inayopita na sauti inayobaki lilishughulikiwa kwanza na wapenzi wa muziki huo, wala si na vyuo vikuu. Mabishano yao kuhusu rekodi, matoleo mapya na maonyesho ya hadharani yalikuwa uhakiki wa matini kwa maana kamili ya neno hilo. Yanadai pia kwamba uhakiki huo ulikuwa na upofu wake, na kwamba upofu huo unamhusu kila anayekusanya fasihi simulizi.

Daftari la majina

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Rekodi za jazi za miaka ya 1920 zilikuwa mali ya aina hiyo. Kibandiko cha sahani kwa kawaida kilitaja jina la wimbo na la kiongozi wa bendi tu. Mara nyingine bendi ileile iliuzwa kwa majina tofauti na kampuni tofauti. Mdororo wa uchumi ulioanza mwaka 1929 ulipoiangusha biashara ya santuri nchini Marekani, rekodi nyingi ziliondolewa katika orodha za mauzo. Aliyezitaka alilazimika kuzitafuta katika maduka ya vitu vikuukuu.

Hapo ndipo wapenzi wa jazi walipogeuka kuwa watafiti. Mjini Paris, ambako Hot Club de France ilianzishwa mwaka 1932, Charles Delaunay alichapisha mwaka 1936 kitabu chake Hot Discography, kilichojaribu kueleza kila rekodi ilinaswa wapi, lini na wanamuziki gani. Mjini New York, Milt Gabler, mwenye duka la Commodore, alitoa upya katikati ya miaka ya 1930 rekodi zilizokwisha kuachwa na kampuni zao, na katika vibandiko akaorodhesha majina ya wapigaji wote. Mwaka 1940 George Avakian, aliyekuwa bado mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Yale, aliishawishi kampuni ya Columbia itoe upya rekodi za zamani. Katika hifadhi yake alikuta hata rekodi za Louis Armstrong ambazo hazikuwahi kuuzwa.

Umuhimu wa kazi hii haukuwa katika orodha peke yake. Kutambua ni nani anayepuliza tarumbeta katika rekodi isiyotaja majina kulihitaji sikio lililozoea mtindo wa kila mpigaji, kama vile mhakiki wa mashairi anavyotambua mkono wa mshairi katika muswada usio na sahihi. Aidha, kuorodhesha majina kulikuwa tendo la haki. Mpiga ala Mweusi ambaye kampuni ilimlipa mara moja na kumsahau, alipata nafasi katika historia kwa jina lake.

Lakini daftari halina nafasi kwa asiyesikika. Buddy Bolden, mpuliza koneti ambaye wazee wa New Orleans walimtaja kuwa miongoni mwa waanzilishi wa sanaa hii, aliingizwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili mwaka 1907 na kufariki humo mwaka 1931. Hakuna rekodi yake iliyopatikana. Rekodi ya jazi iliyotangulia kuuzwa ilitolewa mwaka 1917 na Original Dixieland Jazz Band, bendi ya Wazungu watupu. Kwa hiyo historia inayoanza na sahani ya kwanza humweka mwigaji mbele ya mwasisi. Mikono iliyounda daftari hilo nayo, kwa kiasi kikubwa, ilikuwa ya Wazungu waliokuwa na fedha na wasaa wa kukusanya. Mwaka 1947 Delaunay alipofarakana na mwenzake Hugues Panassié, aliyekataa kuiita bibop jazi, mfarakano huo ulidhihirisha mamlaka waliyokuwa wamejitwalia: Wafaransa wawili waligombana juu ya mpaka wa sanaa ambayo watunzi wake walikuwa Harlem.

Matoleo mapya na swali la matini sahihi

Studioni, wimbo mmoja aghalabu hupigwa mara kadhaa, kisha moja ya mara hizo huteuliwa na kuuzwa. Mpiga saksafoni Charlie Parker alikuwa habuni solo moja mara mbili. Ndiyo maana mara zilizokataliwa nazo zilithaminiwa, na mwaka 1978 vikao vyote alivyorekodi studioni kwa kampuni ya Savoy vilitolewa pamoja, zikiwemo mara zilizokatizwa kwa makosa. Matoleo ya namna hii yaliwagawa wasikilizaji. Wako waliotaka kila kitu, kwa mpangilio ule ule wa siku ya kurekodi, kwa hoja kwamba utungaji ni mchakato. Wako pia waliohoji kwamba msanii ana haki ya kukataa kazi yake, na kwamba kumchapishia alichokitupa ni kumvunjia heshima. Mhariri wa mashairi anayeamua kama achapishe rasimu za marehemu hukabiliwa na swali lilo hilo.

Mfano wa Kind of Blue ya Miles Davis ni mzito zaidi. Santuri hiyo ilinaswa New York katika vikao viwili vya tarehe 2 Machi na 22 Aprili, 1959. Katika kikao cha kwanza, mashine iliyotoa ukanda mkuu ilizunguka polepole kidogo kuliko ilivyopasa. Ukanda ulipochezwa kwa mwendo wa kawaida, muziki ulienda kasi kuliko ulivyopigwa na sauti zikapanda. Kosa hilo liliingia katika upande wote wa kwanza wa santuri. Wanamuziki waliojaribu kuifuatisha rekodi kwa ala zao walijikuta katikati ya noti mbili. Kosa lilisahihishwa mwaka 1992 kwa kutumia ukanda wa akiba ulionaswa na mashine ya pili. Lakini kwa zaidi ya miaka 30 mamilioni ya watu walikuwa wameipenda, kuijifunza na kuiiga matini yenye kosa. Je, matini sahihi ni ile iliyopigwa, au ni ile iliyopokewa na kuathiri kizazi kizima? Usahihishaji haukulifuta swali hili; ulilizindua.

Upande wa pili wa uhariri huu unaonekana kwa Dean Benedetti, mpiga saksafoni aliyemhusudu Parker. Mwaka 1947 na 1948 alimfuata katika vilabu vya Los Angeles na New York akiwa na kinasa sauti, na kwa sehemu kubwa alinasa solo za Parker tu. Wengine walipoanza kupiga, alikizima chombo. Rekodi hizo zilipotolewa na kampuni ya Mosaic mwaka 1990, zilifichua hazina kubwa, na pia zilifichua mkasi wa shabiki. Mapenzi yaliyomhifadhi Parker yaliikata bendi nzima iliyokuwa ikisemezana naye.

Tamasha na rekodi yake

Wapenzi wengi wa jazi hushikilia kwamba ukweli wa sanaa hii umo katika maonyesho ya hadharani. Hoja hiyo ina nguvu. Kuanzia Agosti 1942 chama cha wanamuziki wa Marekani kiligoma kurekodi, na kampuni kubwa mbili za mwisho zilikubaliana nacho Novemba 1944. Katika muda huo bibop ilikuwa ikikomaa vilabuni. Kilichosalia kutoka miaka hiyo ya mwanzo kinajumuisha sauti zilizonaswa mwaka 1941 na mwanafunzi Jerry Newman katika klabu ya Minton's, Harlem.

Hata hivyo, rekodi ya tamasha nayo si tamasha. Tarehe 7 Julai, 1956, bendi ya Duke Ellington ilipiga Newport, na Paul Gonsalves akapuliza saksafoni kwa mizunguko 27 mfululizo huku umati ukisimama na kucheza. Santuri ya Columbia ilisifiwa kama ushahidi wa usiku huo. Kumbe sehemu yake kubwa ilipigwa upya studioni siku mbili baadaye, na kelele za watu zikaongezwa. Isitoshe, Gonsalves alikuwa amepulizia kipaza sauti cha redio ya Voice of America, si cha Columbia, hivyo sauti yake ikasikika kwa mbali. Toleo la 1999 liliunganisha rekodi ya redio hiyo na ile ya Columbia, na tukio likarejeshwa karibu na lilivyokuwa.

Hifadhi hiyohiyo ya redio ilitoa ajabu nyingine. Ushirikiano wa Thelonious Monk na John Coltrane wa mwaka 1957 ulikuwa gumzo la waliouhudhuria, lakini rekodi zake zilikuwa chache. Ukanda ambao Naima, mkewe Coltrane, aliunasa kwa kinasa sauti cha kawaida katika klabu ya Five Spot mwaka 1958, wawili hao walipokutana tena, ulitolewa mwaka 1993. Mwaka 2005 Larry Appelbaum wa Maktaba ya Bunge la Marekani aligundua kanda za onyesho lao la Carnegie Hall la tarehe 29 Novemba, 1957, zikiwa safi kabisa. Kumbukumbu za wazee waliokuwa wakidhaniwa kutia chumvi zilipata shahidi.

Jina la Naima linarudi tena. Kikao alichorekodi Coltrane tarehe 6 Machi, 1963 kilipotea kwa upande wa kampuni. Kilitolewa mwaka 2018 kutokana na nakala ambayo Coltrane alikwenda nayo nyumbani na ambayo jamaa za Naima waliitunza. Kwa upande mwingine, moto wa mwaka 2008 katika hifadhi ya Universal huko Hollywood uliteketeza kanda kuu nyingi, na umma haukuelezwa ukubwa wa hasara hadi gazeti la New York Times lilipoandika mwaka 2019. Kampuni yenyewe ilipinga makadirio hayo. Mwenye mali alipoteza. Sanduku la nyumbani likahifadhi.

Hitimisho

Historia hii inaonyesha kwamba hadhira haimalizi kazi yake utendaji unapokoma. Wapenzi wa jazi waliwarejeshea wapigaji majina yao, walisahihisha matini, na waliokoa sauti ambazo wenye hatimiliki walizipuuza. Lakini wao pia walikata, walibagua, na waliacha nje yale ambayo chombo hakikunasa.

Fasihi ya Kiswahili imeyapitia haya. Mashairi ya Muyaka bin Haji yaliishi vinywani mwa Waswahili wa Mombasa kwa miongo kadhaa kabla ya W. E. Taylor kuyakusanya mwishoni mwa karne ya 19, na yalichapishwa na William Hichens mwaka 1940. Majina ya wageni hao wawili ndiyo yanayotangulia katika maelezo ya diwani hiyo. Jina la Mwalimu Sikujua, aliyemsaidia Taylor kuyapata na kuyafafanua, hutajwa baadaye, likitajwa. Mtafiti anayekwenda nyanjani leo na kinasa sauti anakwenda na mkasi wa Benedetti mfukoni. Hawezi kuuacha nyumbani, kwa kuwa kila kunasa ni kuteua. Analoweza kufanya ni kuandika alipokata, na kulitaja jina la aliyeyahifadhi maneno kabla yake.