Upozaji wa injini katika baridi ya Rungwe

Upozaji wa injini katika baridi ya Rungwe ni kazi ya kuiweka injini kwenye joto lake, isichemke wala isipoe kupita kiasi, katika wilaya yenye barabara ya milima. Kutoka Uyole lami hukwea hadi Isongole, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, kwenye ukungu na mashamba ya viazi. Kisha huteremka Kiwira na Tukuyu, mpaka Kyela karibu na Ziwa Nyasa.

Madereva huogopa kuchemsha, na wana sababu. Penye mita 1,600, kimo cha Tukuyu, maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100. Kinachoyazuia ni mgandamizo unaoshikiliwa na kifuniko cha rejeta, kwa hiyo kifuniko kilicholegea ni hasara kubwa zaidi huku kuliko pwani.

Tatizo linalopuuzwa ni injini kukosa joto. Themostati, vali ndogo inayofunguka kwenye nyuzi 82 hivi, huyazuia maji yasiende kwenye rejeta kabla injini haijapata moto. Mafundi wengi huing'oa wakiamini wanaikinga injini, na gari likiwa kwenye joto la Kyela huenda mwenyewe asione kasoro. Asubuhi ya Julai, likiteremka kutoka Isongole bila kukanyagwa mafuta, maji hupita kwenye rejeta muda wote huku upepo ukiyapoza. Mafuta hayaungui vizuri, huosha oili kwenye kuta za silinda, na unyevu hugeuza oili kuwa uji mweupe. Injini huisha polepole, na mwenye gari hulaumu mlima.

Ndege ndogo zina shida hiyohiyo. Cessna 206 hupozwa kwa hewa, lakini vichwa vya silinda vya injini ya Rotax 912 hupozwa kwa kimiminika. Rubani akishuka kwa nguvu ndogo kwenye hewa baridi, joto huanguka. Ndiyo maana baadhi hufungwa themostati, na nyingine huzibwa sehemu ya rejeta.

Kwenye gari, kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji safi hupandisha kiwango cha kuchemka na kuzuia kutu. Maji ya mtoni hayafai. Ikiwa gari lako limetembea dakika ishirini na mshale wa joto bado uko chini, muulize fundi kama themostati ipo, na kama haipo airudishe.