Mkono, Kishale na Ukingo wa Kioo

Mwaka 1954 Paul Fitts, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Ohio State nchini Marekani, aliwapa watu kalamu ya chuma na kuwataka wagonge vibao viwili kwa zamu, upesi wawezavyo. Alibadilisha umbali kati ya vibao, akabadilisha na upana wake. Ikadhihirika kwamba muda wa mkono hautegemei umbali peke yake, bali uwiano wa umbali na upana: vyote viwili vikizidishwa maradufu, ugumu hubaki ule ule. Ugumu huo aliupima kwa biti, kipimo alichokiazima katika nadharia ya habari ya Shannon, ambayo wanaisimu nao wameitumia sana.

Mwaka 1978 Card, English na Burr, katika maabara ya Xerox huko Palo Alto, walilinganisha kipanya na vyombo vingine vya kuchagulia maandishi. Kipanya kilishinda, mwendo wake uliifuata kanuni ya Fitts, na kasi yake ilikaribia ile ya mkono mtupu.

Mfano ulio bora ni Macintosh ya 1984. Menyu yake iliwekwa juu kabisa, ukingoni mwa kioo. Kishale hakiwezi kuvuka ukingo. Basi mtumiaji husukuma tu, na menyu iliyo nyembamba machoni huwa nene mno kwa mkono. Windows iliiweka menyu ndani ya kila dirisha: karibu zaidi na kazi, ni kweli, lakini mkono hulazimika kupunguza kasi usije ukapitiliza. Tena katika Windows 95 kitufe cha Start, kilichokuwa pembeni kabisa, kiliachiwa ukanda mwembamba usioitikia, na mkono uliokwisha kufika ukalazimika kurudi nyuma kidogo.