Bima ya Kujaliza: Jina na Kazi Yake

Wasemaji wengi wa Kiswahili waliohamia Marekani, hasa wale waliotoka Kongo na nchi za Afrika Mashariki, hukutana siku ya kuandikishwa kazini na jambo ambalo hawakulizoea makwao: mbali na bima ya matibabu ambayo mwajiri huichangia, huwekewa mbele yao karatasi za bima nyingine, ndogo kwa ada na nyingi kwa aina, nao hutakiwa waseme hima kama wanaridhia ada yake ikatwe katika ujira wao au hawaridhii. Jina la bima hiyo kwa Kiingereza, supplemental insurance, limetokana na kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kujaza kilichopungua. Walakini wafasiri wetu aghalabu huiita bima ya nyongeza au bima ya ziada, na kwa majina hayo mfanyakazi huweza kutia saini asichokifahamu, au kukataa kitu ambacho kingemfaa. Makala haya yanakusudia kueleza namna bima hiyo ilivyozaliwa, inavyoendeshwa, na jina liipasalo katika lugha yetu.

Neno bima lenyewe ni mgeni aliyekwisha kupata uenyeji. Lilitufikia kutoka Bara Hindi, na huko lilitoka Uajemi, ambako asili yake ni neno lenye maana ya hofu. Asili hiyo ina hekima, maana mtu hukata bima kwa kuwa anaogopa, naye hulipa kidogo kidogo ili hofu ya wengi igawanywe, isimwelemee mmoja peke yake. Ama bima ya matibabu, hofu inayoishughulikia ni hesabu ya hospitali. Lakini maradhi yana hesabu nyingine ambazo hospitali haiziandiki. Mtu alazwapo, mshahara hupungua au hukatika, kodi ya nyumba haingoji, watoto sharti wale, na jamaa anayemuuguza huacha shughuli zake na kujitolea nauli. Baina ya kile kilicholipwa na bima ya msingi na kile kilichogharimiwa na nyumba ya mgonjwa pana pengo, na ni kwa ajili ya pengo hilo kwamba bima hii iliundwa.

Katika makampuni yaliyoifanya kazi hiyo, lililo mashuhuri kupita mengine ni Aflac, ambalo jina lake ni kifupisho cha jina refu lililotangulia. Lilianzishwa mwaka 1955 katika mji wa Columbus, jimbo la Georgia, na ndugu watatu wa ukoo wa Amos, yaani John, Paul na William. Mwanzo wake ulikuwa wa taabu, kwani makampuni ya bima ya maisha yalikuwa mengi, na mawakala wa kampuni hiyo changa walilazimika kubisha hodi mlango kwa mlango. Mwaka 1958 ndugu hao wakatoa bima ya saratani, maradhi ambayo siku zile watu wengi waliogopa hata kuyataja kwa jina, na ambayo matibabu yake yaliweza kumaliza akiba ya nyumba kabla hayajamponya mgonjwa. Bima hiyo haikudai kuchukua mahali pa bima ya matibabu. Ilikuja kusimama kando yake.

Mageuzi makubwa zaidi yalikuwa ya mwaka 1964, kampuni ilipoacha milango ya nyumba ikageukia mahali pa kazi. Mambo yalikuwa yamekwisha kuandaliwa na historia ya nchi yenyewe, kwa sababu wakati wa Vita Kuu ya Pili serikali ya Marekani, kwa sheria ya mwaka 1942, ilizuia mishahara isipandishwe ovyo, na waajiri waliokuwa wakigombea wafanyakazi wakawavuta kwa bima ya matibabu badala ya fedha. Tangu hapo Mmarekani alizoea kuitazamia bima yake kwa mwajiri, na wakala mwenye busara alitambua kwamba katika kiwanda kimoja angeweza kuzungumza kwa siku moja na watu ambao angewatafuta majumbani kwa majuma mengi. Fauka ya hayo, ada iliyokatwa katika mshahara ilifika kwa wakati bila ya mtu kufuatwa, na gharama ya kuikusanya ikapungua. Sheria ya kodi ya mwaka 1978 ikaipanua njia hiyo, kwa kuwaruhusu waajiri kuweka mipango ambayo ndani yake mfanyakazi huchagua mafao ayatakayo, na baadhi ya ada zikatwe kabla ya mshahara kutozwa kodi.

Habari ya Japani ni ushahidi mwingine wa maana halisi ya bima hii. John Amos alizuru Osaka mwaka 1970, wakati wa maonyesho ya dunia, akaona watu wengi wamefunika pua na vinywa kwa barakoa ili kujikinga na mafua wao na wenzao; akakata shauri kwamba taifa linalojihadhari hivyo na maradhi lingeikubali bima ya saratani. Mwaka 1974 kampuni yake ilipata ruhusa ya kufanya biashara nchini humo, na baada ya miaka si mingi Japani ikawa soko lake kubwa kuliko Marekani yenyewe. Nchi hiyo ilikuwa na bima ya matibabu kwa watu wote tangu mwaka 1961, ila mgonjwa aliachiwa sehemu ya gharama aitoe mfukoni mwake. Kwa hiyo bima ya serikali ilipokuwa imara, na pengo lake likajulikana wazi, ndipo bima ya kuliziba ilipositawi.

Sasa tutazame uendeshaji wake. Wakala huomba idhini kwa mwajiri, ambaye mara nyingi hachangii chochote ila huduma ya kukata ada na kuipeleka kwa kampuni. Mfanyakazi huchagua: ajali, saratani, kulazwa hospitalini, maradhi mazito, au kukosa nguvu za kufanya kazi kwa muda. Hati ya bima hutaja kiasi kwa kila tukio. Mathalani, ikiwa imeandikwa dola 200 kwa kila siku ya kulazwa, basi aliyelazwa siku 5 hupata dola 1,000, hata kama hospitali imedai nyingi zaidi au chache zaidi. Kwa kawaida fedha hizo hupewa mwenye bima mwenyewe, wala hospitali haizigusi isipokuwa kwa idhini yake, naye huzitumia apendavyo. Katika hili bima hiyo inafanana na ubani tunaoupeleka kwenye msiba: anayetoa haulizi bei ya sanda, na anayepokea hatoi hesabu ya matumizi. Tofauti yao ni kwamba ubani ni hisani, na fao la bima ni haki iliyonunuliwa kwa mkataba, wenye masharti, muda wa kusubiri na mambo yaliyotengwa.

Kwa maelezo hayo kasoro za majina yetu zinadhihirika. Ziada ni kile kilichobaki baada ya kutosha, na mfanyakazi mwenye mshahara mdogo, akiambiwa bima ya ziada, ana haki ya kudhani ni anasa ya wenye nafasi. Nyongeza huleta dhana nyingine, kwamba kitu kilekile kimezidishwa, yaani hospitali italipwa zaidi, hali fedha haziendi hospitali. Nao wanaosema bima ya mahali pa kazi huichanganya na fidia ya mtu aliyeumia kazini, ambayo ni wajibu wa mwajiri kwa sheria. Bima tunayoizungumza hupatikana kupitia kazi, lakini saratani au ajali ya nyumbani nayo imo.

Lugha yetu ina kitenzi jaliza, chenye maana ya kukijaza chombo kilichopungua. Napendekeza basi bima ya kujaliza ya waajiriwa. Jina hili lamwambia msikilizaji mambo mawili kabla hajafungua hati: kwamba kipo kitu cha msingi kilichotangulia, na kwamba kitu hicho hakikufika ukingoni. Asiye na bima ya msingi atafahamu kwamba hii haiwezi kuwa badala yake. Huenda mtu akapinga kwamba kujaliza kunaahidi ujazo kamili, na kiasi kilichoandikwa kinaweza kisifike. Pingamizi hilo lina uzito, na jawabu lake ni kwamba jina hutaja makusudio, na hati hutaja kiasi. Ndiyo maana wajibu wa mfasiri hauishii kwenye jina. Kila karatasi anayoifasiri sharti iseme, kwa Kiswahili kisicho na fumbo, tukio gani hulipiwa, kwa kiasi gani, baada ya siku ngapi, na nani hupokea. Mfanyakazi akijua hayo manne, kukubali kwake ni kukubali kweli, na kukataa kwake hali kadhalika.