Bunduki, Leseni na Wajibu wa Ulinzi: Funzo la Karamoja kwa Mapitio ya Sheria za Silaha

Kila serikali za Afrika Mashariki zinapopitia upya sheria za bunduki, mjadala huelekea kwenye masharti ya leseni na ukali wa adhabu. Makala hii inarejea historia ya Karamoja, kaskazini-mashariki mwa Uganda, ili kuonyesha kwamba lipo swali lililotangulia masharti hayo: raia anapokabidhi bunduki yake kwa dola, nani anabeba jukumu la kumlinda?

Swali hili lina sura ya pekee katika ukanda wetu. Nchini Marekani, Marekebisho ya Pili ya Katiba ya mwaka 1791 yanalinda haki ya kumiliki silaha, na mwaka 2008 Mahakama ya Juu iliamua kwamba haki hiyo ni ya mtu binafsi. Mapokeo ya Afrika Mashariki yana chimbuko jingine. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia uingizaji wa bunduki za kisasa katika sehemu ya Afrika iliyo kati ya latitudo 20 Kaskazini na 22 Kusini, isipokuwa kwa waliopewa kibali. Sheria ya Silaha za Moto ya Uganda ya mwaka 1970 ilifuata mantiki hiyohiyo: kumiliki bunduki ni ruhusa ya dola, nayo yaweza kufutwa. Mantiki hiyo huchukulia kwamba dola ipo karibu na inaweza kumlinda asiye na silaha.

Karamoja dola haikuwa karibu hivyo. Wafanyabiashara wa pembe za ndovu, wakiwamo Waswahili na Wahabeshi, waliingiza bunduki huko tangu enzi za mwanzo wa ukoloni, na watawala wa Kiingereza wakajibu kwa doria za kijeshi. Utawala wa Idi Amin ulipoanguka mwaka 1979, askari waliikimbia kambi ya Moroto, na wafugaji wakajichukulia silaha zilizoachwa ghalani. Tangu hapo bunduki ya kivita ililinda zizi la mwenyewe, na ikatumika pia kuvamia zizi la jirani.

Desemba 2001 serikali ilianzisha usalimishaji wa silaha kwa hiari, ikiahidi plau na mabati kwa wenye kuitikia. Maelfu ya bunduki yalikabidhiwa. Lakini mwaka 2002 wanajeshi wengi walihamishiwa vitani dhidi ya waasi wa LRA. Walioitii serikali wakabaki bila bunduki na bila askari, wakavamiwa na majirani ambao hawakusalimisha chochote. Haikushangaza kwamba wengi walitafuta silaha upya.

Mwaka 2006 jeshi lilirejea na mbinu ya kuzingira vijiji na kuvipekua. Ripoti ya Human Rights Watch ya mwaka 2007 iliorodhesha mauaji, mateso na watu kuwekwa kizuizini kinyume cha sheria. Uvamizi ulipungua baadaye, lakini ulizuka tena kuanzia 2019, na Julai 2021 ikaanzishwa operesheni nyingine iliyopewa jina la Usalama kwa Wote. Jina hilo lilitaja deni ambalo lilikuwa halijalipwa kwa miaka 20.

Kikanda, Itifaki ya Nairobi iliyotiwa saini Aprili 2004 inazitaka nchi wanachama kuzuia raia kumiliki bunduki za rashasha, kuzitia silaha alama na kutunza kumbukumbu zake. Tanzania ilitunga sheria mpya ya udhibiti wa silaha na risasi mwaka 2015. Hatua hizi ni za lazima. Hata hivyo, alama iliyochongwa kwenye bunduki haimzuii mvamizi, na rejesta ya taifa moja haimsaidii mfugaji ambaye jirani yake ng'ambo ya mpaka bado ana silaha.

Kutokana na historia hii, wanaoandaa mapitio wanashauriwa mambo matatu. Kwanza, ukusanyaji wa silaha usianze kabla ya mpango wa ulinzi wenye askari, bajeti na muda uliotajwa. Pili, utekelezaji uende sambamba pande zote za mpaka, hasa baina ya Wakaramojong wa Uganda na Waturkana na Wapokot wa Kenya. Tatu, ahadi za fidia zitimizwe kwa wakati. Dola inayokataa kuitambua bunduki kuwa haki ya raia inajitwika wajibu wa kumlinda raia huyo, na wajibu huo unapaswa kuandikwa katika sheria ileile inayomtaka aisalimishe.