Mwenye Kumwongoza Kipofu



Wapendwa waamini, Jumapili iliyopita, katika Misa ya pili, lilitokea jambo ambalo wengi wenu hamkuliona. Sisi tuliliona kwa sababu asimamaye altareni huwaona wote. Mzee mmoja asiyeona, ambaye kwa miaka mingi huletwa kanisani na mjukuu wake, alifika kama kawaida, mkono wake ukiwa begani pa mtoto. Mhudumu wa mlangoni, kwa nia njema ya kutunza utaratibu, alimtenga mtoto akampeleka kwenye mabenchi ya Utoto Mtakatifu, naye mzee akamketisha nyuma. Ulipofika wakati wa Komunyo watu walipita kushoto na kulia kwake. Mzee alisimama, akanyosha mkono mbele, asikute bega. Akaketi tena.

Baada ya Misa tulilizungumza jambo hilo na vijana wachache wa kwaya. Mmoja wao akatuuliza: huko Ulaya na Marekani vipofu huongozwa na mbwa waliofundishwa, je, mtu wa namna hiyo akifika Tabora, mbwa wake ataingia kanisani? Wenzake walicheka. Swali lenyewe halikuwa la kuchekesha. Tumelibeba juma zima, na kwa kuwa tunaishi katika mji uliozaliwa na misafara, lilitupeleka katika njia ya kale ya Ujiji, ambako watu wasioona na wasioweza kutembea wamepita kabla yetu.

Lakini kwanza Maandiko, maana wapo watakaosema kwamba mbwa hana mahali katika habari za wokovu. Kitabu cha Tobiti, ambacho sisi Wakatoliki tunacho katika Biblia yetu, ni kitabu cha mtu aliyepofuka. Tobiti anapoteza macho huko Ninawi, anakuwa maskini, na anamtuma mwanawe Tobia safari ya mbali mpaka Media. Malaika Rafaeli anamsindikiza kijana bila kujitambulisha. Na mwandishi, bila kueleza sababu yoyote, anatuambia kwamba mbwa naye alifuatana nao. Katika safari ya kurudi anatajwa tena. Katika tafsiri ya Kilatini ya Mtakatifu Yeronimo mbwa huyo anatangulia kufika nyumbani, akitikisa mkia, kama mjumbe aletaye habari njema kwa kipofu. Hatudai kwamba alikuwa mbwa wa kuongoza vipofu. Tunasema tu kwamba katika nyumba ile ya giza, malaika na mbwa walirudi kwa njia moja, na hakuna aliyemfukuza mmoja wao.

Tuje sasa kwetu. Njia ya misafara ilitoka pwani ya Bagamoyo, ikapita Ugogo mpaka Unyanyembe, yaani hapa, kisha ikaendelea magharibi kuvuka mto Malagarasi hadi Ujiji; jumla yapata kilomita 1,200. Kila msafara ulikuwa na kirangozi wake, mtu wa mbele, aliyeshika bendera na kujua wapi pana maji na wapi hutolewa hongo. Wapagazi wa Kinyamwezi waliokuwa na macho mazima na miguu yenye nguvu walimfuata yeye. Hakuna aliyeona aibu kuongozwa. Tunalitaja hilo makusudi, kwa sababu leo tunafikiri kwamba kuongozwa ni jambo la wasioona peke yao.

Mnamo Novemba 7, 1857, walifika Kaze, kiini cha mji huu wetu, Waingereza wawili, Richard Burton na John Hanning Speke. Walikaribishwa na Waarabu wa hapa, hasa Snay bin Amir, wakaondoka mwezi wa Desemba kuelekea ziwa. Vitabu vya shule huwaita wavumbuzi, kana kwamba waliona kile ambacho wengine hawakukiona. Ukweli wa safari ile ni wa kushangaza zaidi. Mwanzoni mwa mwaka 1858 Burton alipooza miguu, ikabidi abebwe kwa machila. Speke naye alishikwa na ugonjwa wa macho hata akawa karibu kipofu. Walipofika kilimani, katikati ya Februari, na ziwa Tanganyika likatandazwa chini yao, Burton alilitazama akiwa hawezi kulishukia kwa miguu yake, na Speke aliyelifikia hakuona ila ukungu na mng'ao. Baadaye, akiwa katika kisiwa ziwani, mdudu aliingia sikioni mwa Speke na kumharibia usikivu kwa muda mrefu. Mmoja kiwete, mwingine kipofu na nusu kiziwi: hao ndio waliolitangaza ziwa letu huko Ulaya.

Waliwezaje? Walibebwa, waliongozwa, na walitafsiriwa. Kati ya waliowahudumia alikuwapo Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani akiwa kijana, akapelekwa India, akapata uhuru wake na kurudi Zanzibar. Kwa kuwa alijua Kihindustani, lugha waliyoijua pia Waingereza wale, alikuwa masikio na kinywa cha Speke katika nchi ambayo Speke hakuielewa. Macho ya Speke yalipopata nafuu, ni Bombay tena aliyekwenda naye kaskazini kutoka Kaze, na tarehe 3 Agosti 1858 wakalitazama ziwa Nyanza. Mwaka 1876 Shirika la Kijiografia la Kifalme la London lilimpa Bombay medali ya fedha na malipo ya uzeeni. Ilichukua miaka kumi na minane kwa wenye kuongozwa kumkumbuka aliyewaongoza. Tusiwacheke, maana sisi wengine hatujamkumbuka hata sasa.

Wala hawakuwa wawili tu. James Grant, aliyesafiri na Speke mara ya pili, alipata kidonda kibaya cha mguu huko Karagwe, akabaki miezi katika ikulu ya Mfalme Rumanika wakati mwenzake akitangulia Buganda mwanzoni mwa 1862, kisha akaondolewa Karagwe kwa kubebwa. Mwaka 1873 Luteni Verney Lovett Cameron alikuwa Kwihara, mahali tunapopeleka wageni kuona nyumba ya Livingstone, akiwa ameshikwa na homa na macho yakimuuma hata haoni vizuri. Tarehe 20 Oktoba Chuma alimletea barua. Iliandikwa na Jacob Wainwright, na Cameron aliisoma kwa taabu sana, neno baada ya neno, kwa sababu ya macho yake: ilikuwa habari ya kifo cha Livingstone. Na Livingstone mwenyewe, katika siku zake za mwisho, hakuwa akitembea. Alibebwa na watu wake, akina Susi na Chuma, nao waliendelea kumbeba hata alipokuwa maiti, kupita hapa Unyanyembe mpaka Bagamoyo.

Tumesimulia haya kwa urefu, lakini upo upande wa pili ambao haukuandikwa kwa majina. Njia ileile ilipitisha watumwa. Mtumwa aliyeshindwa kutembea hakupewa machila. Aliachwa porini, na wengine waliuawa. Livingstone alikutana na maiti zao na akaandika alichokiona. Mpagazi aliyepatwa na ndui, ugonjwa uliotembea pamoja na misafara na kuwapofusha wengi waliopona, mara nyingi alibaki nyuma. Kwa hiyo njia ilikuwa moja, na ugonjwa wa macho ulikuwa uleule. Tofauti ilikuwa nani ana msaidizi na nani hana. Speke alifika ziwani kwa sababu alipokosa macho hakuna aliyemwondolea watu wake. Hebu fikirini kama pale Malagarasi wenye mitumbwi wangesema: mzungu huyu avuke, lakini anayemwongoza abaki ng'ambo. Je, tungesema kwamba wamemruhusu avuke?

Wamisionari wetu wa kwanza, Mapadre Weupe, walipita njia hiyo mwaka 1878, wakiwa kumi walipoondoka pwani. Padre Pascal alifia njiani kabla ya kufika Tabora. Mnamo 1889 alifika Karema daktari katekista Adrian Atiman, mtoto wa Afrika ya Magharibi aliyekombolewa utumwani na kusomea uganga Malta, akawatibu watu kando ya ziwa hadi uzee wake. Alifariki mwaka 1956. Na hapa mjini Tabora, mwaka 1963, Kanisa Katoliki lilianzisha shule ya viziwi, ya kwanza katika nchi yetu. Tunajivunia hayo, na ni haki. Lakini ukweli unatudai tuseme na jingine: Mkusanyo wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1917 uliwazuia kupewa daraja takatifu wale ambao udhaifu wa mwili uliwafanya wasiweze kuhudumu altareni kwa usalama, au ambao kasoro yao ilidhaniwa kuondoa heshima ya ibada. Katazo hilo halikurudiwa katika sheria ya 1983. Kwa hiyo mhudumu wetu wa mlangoni asibebeshwe lawama peke yake. Mlango huo ulilindwa na wakubwa wake kwa muda mrefu.

Sasa mbwa. Mwezi Septemba 1916 majeshi ya Wakongo chini ya maofisa wa Kibelgiji yaliingia Tabora na Wajerumani wakaondoka. Wazee walitusimulia vita hiyo kwa mizigo waliyobebeshwa. Mwaka uleule wa 1916, huko Oldenburg nchini Ujerumani, daktari Gerhard Stalling alifungua shule ya kwanza ya kufundisha mbwa kuwaongoza askari waliopofushwa vitani. Vita moja, mwaka mmoja. Kule kipofu alipewa mbwa. Huku, aliyerudi bila macho alirudi kwa mkono wa mwanawe. Kutoka Ujerumani kazi hiyo ilienea. Mwaka 1929 ilianzishwa shule ya namna hiyo huko Nashville, Marekani, naye Morris Frank, kijana asiyeona, na mbwa wake jike Buddy, walizunguka nchi yao wakibisha hodi kwenye hoteli na treni. Kumfundisha mbwa, alisema kila aliyejaribu, ilikuwa nusu ya kazi. Nusu nyingine ilikuwa kumfundisha mwenye mlango. Sheria ya Marekani ya mwaka 1990 juu ya watu wenye ulemavu iliwataka wenye maduka, hoteli na ofisi wampokee mbwa msaidizi pamoja na mtu wake.

Tunajua kwamba hapa kwetu mbwa ni wa ulinzi na wa mawindo, na kumwita mtu mbwa ni tusi. Tunajua pia kwamba kwa jirani zetu Waislamu wa madhehebu ya Shafi mate ya mbwa ni najisi, na hilo tunaliheshimu. Hata hivyo, mwaka 2008, katika mji wa Leicester huko Uingereza, msikiti mmoja ulimtengea mbwa wa kijana asiyeona mahali pa kupumzika ndani ya jengo, ili kijana aweze kusali na wenzake. Dini haikuvunjwa, ilitafutwa nafasi. Nchi yetu nayo iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na Bunge likatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu mwaka 2010. Mkataba ule, unapozungumzia majengo yaliyo wazi kwa umma, hautaji ngazi na milango tu. Unataja pia msaada ulio hai: waongozaji, wasomaji, wakalimani wa lugha ya alama. Maneno hayo yametugusa. Msaada ulio hai unapumua, unachoka, unahitaji mahali pa kukaa.

Na hapa kwetu msaada huo ni mtoto. Mjukuu yule wa mzee wetu yuko darasa la nne. Tulipokwenda kuwatembelea Jumatano asubuhi tulimkuta nyumbani, amevaa sare, akisubiri kumpeleka babu yake zahanati. Mwalimu wake ametuambia kwamba siku za juma anazofika shule hazizidi tatu. Mbwa wa Oldenburg hakuacha darasa. Mzee mwenyewe analijua hilo kuliko sisi sote. Alituambia kwamba kila anapoweka mkono begani pa mtoto huhisi jinsi bega linavyokua, na huhesabu. Kuhusu Jumapili hakutulalamikia. Aliuliza tu kama amekosea mahali pa kukaa.

Hakukosea. Kuanzia Jumapili hii, benchi la tatu upande wa sanamu ya Mama Maria ni la mzee na mwongozaji wake, bila kutenganishwa, na wahudumu wa mlangoni wameshaelezwa. Kwa wengine wote watakaokuja, kanuni ni ileile: anayemwongoza asiyeona, au anayemfasiria asiyesikia, huingia anakoingia mwenziwe na kukaa anakokaa. Kijana wa kwaya naye amejibiwa: mbwa wa namna hiyo akifika, ataingia na kulala miguuni pa mtu wake.

Limebaki suala la siku za juma. Tumeagiza fimbo nyeupe, na mwalimu mmoja wa watoto wasioona amekubali kumfundisha mzee kuitumia, ingawa anasema kwa umri wake itachukua miezi. Kwa miezi hiyo tunaomba jumuiya ndogondogo zitoe mtu mzima mmoja kila siku, saa moja na nusu asubuhi, wa kumsindikiza mzee zahanati, sokoni au kwa rafiki zake. Karatasi ya zamu ipo kwa katekista. Jumatatu tumejiandika sisi wenyewe.